Kuipenda ranchi, kuinunua kwa zamu: dhana potofu na ukweli wake

Wapo ndugu zetu wanaoishi Marekani walioenda ranchini wikiendi moja tu kupanda farasi na kula nyama ya kuchoma chini ya mialoni, na kabla ya Jumapili jioni wakawa wameshasaini mkataba wa taimshea. Huo ni umiliki wa zamu: unanunua wiki yako ya kila mwaka, au pointi zenye thamani ya wiki hiyo. Mapenzi yao kwa mahali pale ni ya kweli, na siyabezi. Linaloniuma ni maneno yasiyo sahihi yanayozunguka jambo lenyewe. Mengine yanakuvuta, mengine yanakutisha, na yote yanagusa fedha zilizotafutwa kwa jasho. Nitatumia mfano wa Florida, kwa kuwa huko dhana hizi zinakutana zote.

«Kauboi ni wa Texas, ranchi ya Florida ni maigizo ya watalii»

Hili husemwa sana, na linaionea Florida. Ng'ombe waliletwa huko na Mhispania Juan Ponce de León mwaka 1521, zaidi ya miaka 250 kabla Marekani haijazaliwa. Wachungaji wa Florida walitumia mijeledi mirefu ya ngozi, wakiipasua hewani ili kuwatoa ng'ombe kwenye vichaka na vinamasi. Waseminole, wenyeji wa asili, walikuwa wafugaji hodari, na mpaka leo kabila lao lina mifugo mingi. Katika karne ya 19 ng'ombe waliswagwa hadi Punta Rassa, pwani ya magharibi, wakapakiwa melini kwenda Cuba na kulipiwa kwa dhahabu ya Kihispania. Mji wa Kissimmee, ambao wengi wetu tunaujua kwa hoteli za wageni wa Disney, ulikuwa mji wa wafugaji, na rodeo ya Silver Spurs, yaani mashindano ya kauboi ya kupanda farasi na fahali wakali, imekuwepo hapo tangu 1944.

Kusini ya hapo, mashariki ya mji wa Lake Wales, kuna River Ranch, hoteli ya mapumziko ya kampuni ya Westgate yenye ekari 1,700 hivi kando ya Mto Kissimmee. Jumamosi usiku kuna rodeo. Mchana utapanda farasi, au boti inayosukumwa na feni kubwa na kuteleza juu ya majani ya maji huku mamba wakikutazama. Mto wenyewe una kisa chake: kati ya 1962 na 1971 kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani kiliunyoosha ukawa mfereji, vinamasi vikakauka na ndege wakapotea. Kazi ya kuurudishia mikunjo yake ilianza 1999 ikakamilika 2021, na korongo na ndege wa majini wamerudi kwa wingi. Kwangu mimi, hilo peke yake linatosha kumfanya mtu apapende mahali pale na kupakumbuka.

«Ranchi ya kupumzikia ni ranchi ya kazi, au basi ni ya shida»

Si moja wala nyingine. Biashara ya kupokea wageni wanaolipa ranchini ilianza miaka ya 1880 huko Dakota, kwa ndugu wa ukoo wa Eaton, ambao baadaye, mwaka 1904, walihamia Wolf katika jimbo la Wyoming. Chama cha wenye ranchi za wageni kiliundwa 1926. Tangu mwanzo mgeni alikuja kuonja maisha yale, hakuja kuajiriwa. Siku hizi hata mkokoteni wa turubai wa kulala wageni una kiyoyozi na kitanda kizuri. Mandhari ni ya shamba, malazi ni ya hoteli.

«Ukinunua zamu, unamiliki kipande cha ranchi»

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo nisomewe taratibu. Kuna mikataba inayokupa hati iliyosajiliwa ya sehemu ndogo ya jengo, na ipo inayokupa haki ya kutumia tu kwa miaka kadhaa. Mingi ya sasa ni ya pointi. Katika yote, huna ng'ombe, huna farasi, huna sauti ya peke yako juu ya ardhi. Ulichonacho kwa hakika ni muda wa kulala pale, pamoja na wajibu wa kulipa.

Wajibu huo ndio ada ya matunzo. Hulipwa kila mwaka uende usiende, mara nyingi huzidi dola 1,000 kwa wiki moja, na kwa kawaida hupanda. Kimbunga kikiezua paa, wamiliki wanaweza kutozwa mchango maalumu juu ya ada hiyo. Ukikopeshwa na muuzaji, riba inayozidi asilimia 12 ni jambo la kawaida. Ukiacha kulipa, mali inaweza kunyang'anywa na rekodi yako ya mikopo ikachafuka, na mhamiaji anayejipanga kununua nyumba anajua uzito wa hilo.

Watu hunong'ona pia kwamba deni hili huwarukia watoto moja kwa moja mzazi akifariki. Si hivyo: mrithi ana haki ya kuukataa urithi huo kwa maandishi kwa kufuata sheria ya jimbo, mradi hajaanza kuutumia. Wazazi, waambieni watoto wenu hili mkiwa hai.

«Ni uwekezaji, nikichoka nitauza»

Hapana. Wiki nyingi zilizonunuliwa kwa maelfu ya dola hutangazwa mtandaoni kwa dola moja na bado hazipati mnunuzi. Na ukiuza kwa hasara zamu uliyokuwa ukiitumia mwenyewe, mamlaka ya kodi ya Marekani hairuhusu uikate hasara hiyo kwenye kodi.

Kwenye hamu hiyo ya kuuza ndipo matapeli wanapoingilia. Simu inapigwa: mnunuzi yupo tayari, tuma kwanza ada ya kufunga mauzo. Unatuma, wanaomba nyingine. Mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo watu na kampuni za Mexico zilizohusishwa na genge la dawa za kulevya la Jalisco kwa sababu ya utapeli wa aina hii hii. Anayedai fedha kabla ya kazi, kata simu.

«Ukishasaini umekwisha»

Sivyo. Florida inampa mnunuzi siku 10 za kuvunja mkataba bila sababu na kurudishiwa fedha, na haki hiyo haiondolewi na karatasi yoyote uliyotia sahihi. California ni siku 7, Nevada 5. Katika nchi za Umoja wa Ulaya ni siku 14. Barua iandikwe, ipelekwe kwa anwani iliyotajwa kwenye mkataba, kwa posta ya kusajiliwa, na risiti itunzwe. Kupiga simu na kuahidiwa kwamba «tumeshafuta» si kuvunja mkataba.

«Wote walionunua wameuziwa mbuzi kwenye gunia»

Hili nalo nalikataa. Wapo wamiliki wanaorudi ranchini kwao kila mwaka. Wajukuu wamejifunzia kupanda farasi pale, wahudumu wanawajua kwa majina, na hesabu yao inakubali kwa sababu wiki haipotei. Wengine hubadilishana kupitia kampuni za kubadilishana kama RCI, iliyoanzishwa Indianapolis mwaka 1974, ingawa huko hulipwa ada nyingine, na wiki za likizo za shule hugombewa. Wanaofurahi ni wale waliopapenda mahali kwanza, wakanunua baadaye, mara nyingi kwa mmiliki anayeuza kwa bei ndogo badala ya kununua kwenye kikao cha mauzo cha dakika 90 kinachofungwa na zawadi ya tiketi. Anayenunua hivyo aulize kwanza ni haki zipi za mmiliki wa awali hazihamii kwake.

Kwa anayeipenda ranchi na bado anasita, njia ipo: kodi wiki kwa mmiliki aliyepo, bila kununua chochote. Nenda Januari hewa ikiwa kavu, kisha rudi Julai, mvua ya mchana inaponyesha na mbu hawana huruma. Ukiitamani hata baada ya Julai, omba nakala ya ada za matunzo za miaka mitano iliyopita, na uichukue nyumbani ukaisome.