Nadhiri za wodini

"Mungu, ukiniponya nitakutumikia." Makasisi wa hospitali hapa Kisumu tumeyasikia maneno hayo hata tunayatarajia. Mtu akishaambiwa saratani imesambaa, huja na ahadi: atafungua kanisa, atahubiri kwenye mikutano ya injili kule Kondele, ataacha biashara kabisa. Simkatizi. Lakini miaka ya kazi hii imenipa msimamo ambao baadhi ya wachungaji wenzangu hawaupendi. Wito unaomjia mtu kitandani mara nyingi ni mdogo, unahusu watu anaowajua tayari, na akiusubiri mpaka apone huenda asiufanye kamwe.

Kabla ya hayo yote kuna maumivu. Anayeumwa hadi anauma shuka hawezi kusikia wito wa namna yoyote, ndiyo maana sifungui Biblia kabla sijamuuliza muuguzi kama mofini, dawa kali ya maumivu, imetolewa. Ile ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, na ya kulalia huongezwa maradufu ili mgonjwa apate usingizi hadi asubuhi. Huambatana na dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini hufunga tumbo. Wapo wageni wanaoingia wodini na kichupa cha mafuta ya upako na kumwambia mama wa watu kwamba kunywa dawa hiyo ni kukosa imani. Hao, nikiwepo, huwa tunaongea nje kwenye varanda, na sauti yangu huko si ya kichungaji sana.

Kwamba maumivu ya mwili, ya moyo, ya familia na ya roho hushikana, tulifundishwa na Mwingereza Cicely Saunders. Alianza kama muuguzi, mgongo ukamsumbua, akahamia ustawi wa jamii hospitalini huko London. Alimwamini Kristo mwaka 1945, akawa anamwomba amwonyeshe la kufanya. Mwaka 1948 alikuwa akimtembelea David Tasma, Myahudi mkimbizi kutoka Poland, aliyekuwa anakufa kwa saratani akiamini kwamba maisha yake hayataacha alama yoyote. Wawili hao walizungumza sana kuhusu mahali ambapo watu walio katika hali kama yake wangetunzwa vizuri zaidi. Tasma alimwachia pauni 500, akamwambia, "Nitakuwa dirisha katika nyumba yako." Saunders akasomea udaktari akiwa mtu mzima, na St Christopher's Hospice, nyumba yake ya kuwatunza wanaokaribia kufa, ikafunguliwa mwaka 1967. Watu husifu wito wa Saunders, na wana haki. Mimi humfikiria zaidi Tasma, ambaye hakupona wala hakujenga kitu, na hakuwa hata wa dini ya yule aliyemwachia pesa.

Nilimhudumia mama mmoja muuza omena (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike). Naye alikuwa ameweka nadhiri ya kuhubiri. Mofini ilipomkalia sawa, akaagiza daftari lake la madeni, lile la kurasa 96 lenye mafuta ya samaki kwenye jalada. Macho yalikuwa hayaoni vizuri, na aliyekuwa na mwandiko wa kusomeka ni mke wa mwanawe, ambaye walikuwa hawasalimiani tangu arusi. Basi msichana akawa anasoma: fulani, gorogoro mbili, fulani, debe nusu. Mama anajibu, "Huyo amefiwa, futa." "Huyo ana pesa, mwambie alipe, na zikija ni zako." Walibishana pia, tena kwa sauti, hadi wodi nzima ikawa inafuatilia kesi za wadaiwa. Nilipomuuliza kuhusu ile nadhiri aliniambia, "Pasta, kwani hii unaona ni nini?"

Wanaume wa huku wana mzigo wao. Mjaluo ambaye hajajenga dala yake, yaani boma lake mwenyewe, huweza kuteswa na jambo hilo kuliko uvimbe wenyewe, na kumwambia kuna makao mbinguni ni kumtania. Waislamu hunirahisishia kazi, nakiri. Namwita imamu, na mazungumzo ya wasia huanza bila kuzungukazunguka: madeni yalipwe, na hadi theluthi ya mali mtu anaweza kuwausia wasio warithi wake. Sisi Wakristo tukitaja wasia, familia hudhani tunamroga mgonjwa.

Kuna wanaopona, na hao hunitia wasiwasi zaidi. Mfalme Hezekia aliambiwa atengeneze mambo ya nyumba yake kwa kuwa atakufa. Alilia, akaongezewa miaka 15. Hadithi hiyo huhubiriwa sana, ila wahubiri wengi huishia hapo. Ukiendelea kusoma, unamkuta akiwaonyesha wajumbe wa Babeli hazina yake yote, jambo ambalo nabii Isaya alimkemea. Mwanawe Manase, aliyeanza kutawala akiwa na miaka 12, alizaliwa ndani ya muda huo wa nyongeza, akawa miongoni mwa wafalme wabaya kabisa wa Yuda. Muda Hezekia aliupata. Hayo mambo ya nyumba sioni popote kwamba aliyatengeneza.

Kwa hiyo mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani na nadhiri yake, simwambii aivunje. Namwomba azungumze na mwenzi wake kabla ya kumpigia askofu, na asiuze ng'ombe wala kuacha kazi angali na furaha ya kupona. Kisha namuuliza ni nani anayepaswa kuonana naye wiki hii. Wengi hutaja jina papo hapo, na mara nyingi ni la ndugu waliyegombana naye kwa ajili ya shamba.