Gari la wagonjwa limefika, mbona haliondoki?

Watu wamejaa kando ya barabara. Gari la wagonjwa limefika, wahudumu wawili wameshuka na mikoba yao. Mmoja amepiga magoti kichwani pa majeruhi, mwenzake anamchania suruali kwa mkasi. Dakika ya kwanza inapita, ya tatu, ya tano. Hapo mtu hupiga ubavu wa gari kwa kiganja na kufoka: "Mpakieni twende, mtamuua hapo!"

Mimi ni mkufunzi wa wahudumu wa dharura, wale wanaoitwa paramediki, na ghadhabu hiyo naielewa. Ndugu yako amelala chini, wewe unaona watu wameinama wakimtazama. Lakini swali lako, kwamba wakae au waondoke, ndilo tunalolifundisha kwa muda mrefu kuliko sindano, dripu au mashine yoyote.

Zamani swali lenyewe halikuwapo. Gari lilikuwa la kubebea tu: dereva, machela, king'ora. Mwaka 1966, daktari wa moyo Frank Pantridge wa Belfast, aliyeona kwamba wengi wenye shambulio la moyo hufa kabla ya kufika wodini, alipakia mashine ya kushtua moyo garini na kumfuata mgonjwa aliko. Mashine hiyo ya kwanza ilikuwa na uzito wa kilo 70 hivi na ilitumia betri za gari. Mwaka uliofuata huko Pittsburgh, Marekani, huduma ya Freedom House ilianza kuwafunza Wamarekani weusi wa mtaa maskini, wengi wao wakiwa hawana kazi, kwa mtaala ulioandaliwa chini ya Daktari Peter Safar, bingwa wa dawa za usingizi. Watu ambao hawakuwahi kukanyaga chuo cha udaktari walijifunza kufungua njia ya hewa, kumpumulisha mgonjwa na kukabili moyo uliosimama wakiwa mtaani. Kazi yetu imetoka huko.

Somo la kwanza halimhusu mgonjwa kabisa. Mwanafunzi anafika kwenye ajali ya mazoezi, anamwona mtu analia, anamkimbilia. Namsimamisha: waya wa umeme ule pale juu ya boneti umeuona? Nusu ya darasa hawajauona. Mhudumu akipigwa na umeme, wagonjwa ni wawili na msaidizi hayupo. Kwa hiyo wanafundishwa kusimama hatua chache, kutazama magari yanayopita, mafuta yaliyomwagika, ukuta ulioegemea. Macho hayo hayo yanaanza kumsoma mgonjwa kwa mbali: anazungumza? Kifua kinapanda? Rangi yake ikoje? Mtu anayelalamika kwa sauti kubwa ana njia ya hewa iliyo wazi, basi hutangulia kumwangalia yule aliyenyamaza.

Kisha unakuja mpangilio ambao mwanafunzi akiamshwa usiku wa manane lazima autaje: damu inayobubujika kwanza, halafu njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, ubongo, na mwisho mwili mzima kufunuliwa. Hatua ikionyesha hatari ya kifo, inatibiwa hapo hapo kabla ya kwenda inayofuata. Jamaa wengi hustarehe wakisikia mgonjwa asiye na fahamu anakoroma, wakidhani kapata usingizi. Mara nyingi huo ni ulimi umelegea na kuziba koo nusu. Kuinua taya tu, bila kifaa chochote, kunaweza kumrudisha kwenye pumzi.

Kipimo kinachodharauliwa kuliko vyote ni kuhesabu pumzi. Hakina mashine wala mlio, kwa hiyo wanafunzi hubahatisha. Nimesahihisha fomu nyingi ambamo kila mgonjwa, kuanzia aliyevunjika kidole hadi mwenye nimonia kali, anapumua mara 18 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Anapofika 28 huku bado anajibu maswali vizuri, mwili wake umeanza kulipa deni fulani, na ndiye tunayemtaka tumgundue mapema. Tunawafundisha kushika kifundo cha mkono kama wanaohesabu mapigo, kumbe macho yako kifuani. Mgonjwa akijua unahesabu pumzi zake, hubadilisha namna anavyopumua.

Presha nayo hudanganya. Kijana mwenye afya anaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya damu yake na presha ikabaki ya kuridhisha, kwa sababu mishipa hujikaza na moyo huenda mbio. Dalili huwa kwingine: ngozi ya baridi yenye jasho, mapigo ya haraka, kucha ikibonywa na kuachiwa damu inachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, na wasiwasi usioelezeka. Anayesubiri presha ishuke ndipo ashtuke amechelewa.

Kwa upande wa ubongo hutumika kipimo cha Glasgow, kilichobuniwa na Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974: macho, maneno na mwendo wa viungo, jumla kuanzia 3 hadi 15. Tarakimu moja peke yake haisemi mengi. Aliyekuwa 14 ukifika na sasa ni 11, huyo ubongo wake uko taabani.

Hapa nina zoezi moja ninalolipenda, ingawa wanafunzi hawanipendi nikilitumia. Tunamlaza mwigizaji chini, tunammwagia pombe kwenye shati, anaongea maneno yasiyoeleweka, anatukana, anasukuma mikono. Timu inafika. Harufu inawafikia kabla hawajainama, na naona kabisa kwenye nyuso zao kwamba uchunguzi umekwisha. Wanamgeuza ubavu, wanaandika "amelewa", wanajadili kama ni wa kupelekwa hospitali au wa kuachwa alale. Tone moja la damu kutoka kidoleni lingewaambia kwamba sukari yake ni milimoli 1.8 kwa lita, ilhali ikishuka chini ya 4 kwa mwenye kisukari tayari inahitaji kutibiwa. Wapo wanaopima, lakini dakika ya 12. Baada ya hapo siwakemei. Nawauliza swali moja tu: ulijua nini, na uliamua lini kwamba umejua? Kuna kimya kirefu. Tangu siku hiyo mwanafunzi hupima sukari ya kila mtu aliyechanganyikiwa, akiwa kanywa au hakunywa, akiwa ameanguka au ameketi.

Sasa turudi barabarani, kwa yule anayepiga gari kofi.

Wapo wagonjwa ambao tiba yao ni hapo walipo. Moyo ukisimama, mgonjwa anahitaji kukandamizwa kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, na kushtuliwa kwa mashine ikiwa mwendo wa umeme wa moyo ni wa aina inayokubali mshtuko. Katika hali hiyo, kila dakika inayopita bila kukandamizwa wala kushtuliwa hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Ukimpakia, mikono inasimama wakati wa kunyanyua machela, na garini mkandamizaji anayumba kila kona. Ndiyo maana wahudumu hubaki sakafuni sebuleni kwa dakika nyingi, na familia huona ukatili. Sukari iliyoshuka nayo hutibiwa pale pale. Vivyo hivyo mzio mkali unaoziba koo: kwa mtu mzima, adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja la nje, kabla ya machela, kabla hata ya maswali marefu.

Wapo wengine ambao kila dakika ya kukaa ni hasara. Aliyechomwa kisu tumboni anahitaji daktari wa upasuaji, na hakuna mkoba wenye daktari wa upasuaji ndani. Damu inayoonekana inazuiwa: kukandamiza, mkanda wa kukaza juu ya jeraha la mguu au mkono, saa ikaandikwa. Kisha gari linaondoka, na dripu, kama inahitajika, huwekwa njiani. Dawa ya asidi ya traneksamiki, inayosaidia damu iliyoganda isiyeyuke mapema, ina faida ikitolewa ndani ya saa 3 baada ya kuumia, na kadiri inavyowahi ndivyo bora.

Mwenye kiharusi pia ni wa kuondoka naye. Uso umepinda upande mmoja, mkono unaanguka, maneno yanakwama: hapo kazi ni kupima sukari, kulinda njia ya hewa na kukimbia. Dawa ya kuyeyusha donge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili kuanza. Na hapa kuna mtego unaowanasa wanafunzi kila muhula. Mwenye maumivu ya shambulio la moyo, kama hana mzio nayo, hutafunishwa aspirini, kwa kawaida miligramu 300. Mwenye kiharusi hapewi garini, kwa kuwa barabarani hakuna anayeweza kujua kama mshipa umeziba au umepasuka. Hilo hujulikana kwa picha ya kichwa hospitalini.

Mengine tumelazimika kuyafundisha upya. Walimu wetu walitufunza oksijeni kwa kila mgonjwa. Sasa mwanafunzi anatakiwa kuipima kama dawa: kwa wengi, kiwango cha asilimia 94 hadi 98 kinatosha, na kwa baadhi ya wenye ugonjwa sugu wa mapafu lengo ni 88 hadi 92, maana kuwazidishia kunaweza kuwadhuru. Tulifunzwa pia kumjaza majeruhi maji ya dripu, lita juu ya lita. Maji hayabebi oksijeni, huizimua damu inayojaribu kuganda, na yakiwa ya baridi huharibu zaidi. Kumwambia mhudumu wa miaka 20 kazini asifanye alichokifanya maisha yake yote ni kibarua kigumu kuliko kumfundisha asiyejua kitu.

Kuhusu vifaa vya kufundishia niseme kwa ufupi: midoli ya mazoezi inasaidia mikono izoee, chumba cha upasuaji na wodi ya uzazi vinamkutanisha mwanafunzi na mwili halisi, na zamu garini chini ya mhudumu mzoefu zinamfundisha vilivyobaki. Lakini ustadi huoza. Hata kukandamiza kifua, usipofanya mazoezi, hulegea ndani ya miezi michache, na mtu mwenyewe hajui kwamba umelegea.

Njiani uchunguzi unarudiwa, takriban kila dakika 5 kwa aliye hatarini na kila dakika 15 kwa aliyetulia. Kisha makabidhiano: umri, lilitokea lini, lilitokeaje, kimeonekana nini, vipimo, amepewa nini. Chini ya dakika moja, kwa sauti ya kusikika, na timu ya hospitali ikinyamaza. Saa ya kukaza mkanda ikipotea hapo, daktari hajui mguu umekaa muda gani bila damu.

Nawe uliyekuwapo una kitu ambacho sisi hatuna: uliona. Mtume mtu akalisubiri gari njiani na kulielekeza. Asiye na fahamu usimnyweshe chochote. Dawa zake zote, hata zilizokwisha, zitie kwenye mfuko mmoja. Na mhudumu akikuuliza mara ya mwisho ulimwona mzima saa ngapi, usimtajie saa uliyomkuta ameanguka. Mtajie saa uliyoongea naye, akakujibu sawasawa.