Huddleston hakuwa askofu wa Sophiatown

Kila anapotajwa Trevor Huddleston, wengi husema alikuwa askofu Mwanglikana aliyepambana na ubaguzi wa rangi kule Johannesburg. Kupambana alipambana kweli, ila uaskofu haukuwapo bado. Alifika Afrika Kusini mwaka 1943 akiwa padri mtawa wa Jumuiya ya Ufufuo, akahudumu Sophiatown, mtaa wa Johannesburg walikoishi Waafrika wengi. Februari 1955 serikali ilipoanza kuwahamisha watu kwa nguvu, alisimama nao akiwa padri, bila kiti wala fimbo ya kiaskofu. Ndiye aliyemnunulia kijana Hugh Masekela, aliyekuja kuwa mwanamuziki mashuhuri, tarumbeta yake ya kwanza. Mwaka 1956 jumuiya yake ilimrudisha Uingereza.

Uaskofu aliupata huku kwetu. Mwaka 1960 aliwekwa kuwa Askofu wa Masasi, kusini mwa Tanganyika, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Alikaa miaka minane, akawa rafiki wa Mwalimu Nyerere, na mwaka 1968 aling'atuka ili Mtanzania ashike nafasi hiyo. Inasikitisha kuona maelezo mengi yakiruka miaka hiyo ya Masasi kana kwamba haikuwapo.

Baadaye alikuwa Askofu wa Stepney, London, kisha Askofu wa Mauritius na Askofu Mkuu wa Jimbo la Bahari ya Hindi, 1978 hadi 1983. Alifariki mwaka 1998. Majivu yake yalizikwa Sophiatown, kando ya Kanisa la Kristo Mfalme. Huenda kaburi hilo limechangia kuwachanganya watu.