Kuruhusiwa si kupona

Wengi huamini kwamba daktari akishakuandikia ruhusa ya kwenda nyumbani, basi umepona. Sivyo. Ruhusa maana yake huhitaji tena kitanda cha wodi. Matibabu yanaendelea, ila sasa muuguzi ni wewe na jamaa zako.

Hapo ndipo mambo huharibika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliofuatilia wagonjwa 400 waliotoka hospitali moja ya Marekani, ulikuta karibu mmoja kati ya watano alipata madhara yaliyoletwa na matibabu, si ugonjwa wenyewe. Mengi yalitokana na dawa.

Chukua dawa ya presha. Nyumbani ipo pakiti ya zamani yenye jina la kibiashara. Hospitali wamekupa nyingine, imeandikwa amlodipini. Boksi tofauti, rangi tofauti, dawa ileile. Mgonjwa anameza zote mbili, kizunguzungu kinamwangusha usiku akienda chooni, na watu wanasema ugonjwa umerudi.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka, weka mezani dawa zote, za zamani na mpya, uulize moja moja: hii naendelea nayo, naiacha, au dozi imebadilika? Kisha mweleze muuguzi ulichoelewa kwa maneno yako mwenyewe. Kuitikia kwa kichwa hakuhesabiki. Uliza pia dalili zipi zikurudishe haraka, na majibu ya vipimo ambayo hayajatoka yatafuatwa na nani. Hili la mwisho husahaulika mno, hata na madaktari.