Mtoto kahama, basi la shule bado liko barabarani

"Mtoto akihamia shule ya chata, gharama zake zinahama naye. Wilaya inalalamikia nini?" Chata ni shule inayolipiwa na umma lakini inajiendesha yenyewe; wilaya ni mamlaka inayoendesha shule za umma za kawaida za eneo. Kauli hii husikika karibu kila bajeti ya shule za umma Marekani inapojadiliwa, na wanaoitoa ni wazazi wanaojua vizuri kabisa kwamba mtoto mmoja akienda bweni, kodi ya nyumba haipungui.

Chukua wilaya iliyopoteza watoto 100, kila mmoja akiondoka na dola 14,000. Hiyo ni dola milioni 1.4. Lau wote wangetoka shule moja, kwenye madarasa mawili tu, mikondo minne ingefungwa na hesabu ingekaa sawa. Hawatoki hivyo. Wanatoka shule 20, kuanzia chekechea hadi darasa la 12: watano huku, watano kule. Darasa la watoto 25 linabaki na 24, mwalimu ni yuleyule. Basi linapita njia ileile, paa linavuja palepale, na deni la pensheni za waliokwisha kustaafu halina habari kama kuna aliyehama. Kinachopungua mara moja ni vitabu, karatasi na vifaa. Gharama nzito hushuka pale tu mikondo inapounganishwa au shule inapofungwa, na hilo haliamuliwi kwa kikao kimoja.

Massachusetts imeliandika hili kwenye sheria yake ya 2019: malipo ya wilaya kwa chata yakiongezeka, jimbo hurudisha asilimia 100 ya ongezeko hilo mwaka wa kwanza, 60 wa pili, 40 wa tatu, kisha basi. Ratiba hiyo inakiri kuwa gharama hushuka polepole. Inakiri pia kuwa hushuka, maana upande wa pili nao una porojo zake: eti kila dola inayokwenda chata ni hasara tupu milele. Wilaya yenye jengo la watoto 600 linalosomesha 380, mwaka baada ya mwaka, isiitupie chata lawama yote. Uzazi umepungua, na familia zinahama miji.

Pennsylvania ndiko hesabu inakouma zaidi. Huko wilaya yenyewe humlipia kila mkazi wake anayesoma chata. Mtoto akitoka shule binafsi kuingia chata, wilaya inaanza kumlipia mtu ambaye haikuwahi kumsomesha, kwa hiyo hakuna hata kitabu cha kuokoa. Kwenye elimu maalumu, kiwango cha malipo kwa chata zenye majengo (si zile za mtandaoni) hupatikana kwa kugawa gharama za wilaya kana kwamba asilimia 16 ya watoto wote wanaihitaji. Kama wanaoihitaji ni asilimia 20, kigawanyo ni kidogo mno na malipo kwa kichwa yanazidi gharama halisi. Anayehitaji nusu saa ya mazoezi ya kutamka kwa wiki hulipiwa sawa na anayehitaji muuguzi kutwa.

Kuna na kauli nyingine tatu. "Chata ni shule binafsi." Hapana. Mzazi halipi ada, na fedha zake ni za umma, tangu Minnesota ilipopitisha sheria ya kwanza mwaka 1991.

"Jimbo likiilipa chata moja kwa moja, wilaya haiguswi." Ohio iliacha kukata fedha hizo kwenye ruzuku ya wilaya kuanzia mwaka wa fedha 2022. Lakini mtoto aliyeondoka hahesabiwi tena kwenye ruzuku hiyo. Shimo limehamishiwa ukurasa mwingine.

"Kodi ya majengo haihusiki." California, wilaya huihamishia chata sehemu ya kodi hiyo. Pennsylvania, kiwango chenyewe hutokana na matumizi ya wilaya, kodi ya majengo ikiwemo.

Ukienda kwenye kikao cha bodi, dai upewe takwimu tatu: jumla iliyolipwa kwa chata, idadi ya watoto ambao hawakuwahi kusoma shule za wilaya, na viti vitupu kwa kila jengo. Ukipewa ya kwanza peke yake, usikae chini.