Kuiandaa Subaru Impreza WRX kwa barabara ya Iten–Kabarnet: tairi, shokapu na alaimenti

Kutoka Iten, kwenye kimo cha mita 2,400 hivi, lami inateremka kona baada ya kona kupitia Tambach hadi Bonde la Kerio, inavuka mto pale Chebloch, kisha inapanda upande wa pili hadi Kabarnet. Njiani kuna viraka, matuta, mchanga uliosombwa na mvua hadi katikati ya kona, mbuzi, na wanariadha kandokando. Kwenye barabara ya namna hii gari la kasi linahitaji jambo moja kabla ya yote: tairi zote nne zibaki zimeshika lami hata lami yenyewe ikiwa mbovu. Ndiyo maana napinga mtindo wa kuanza kwa kulishusha gari na kulifunga springi ngumu.

Nazungumzia WRX ya GDA (hiyo ni namba ya aina ya bodi), ile iliyotoka Japani kati ya 2000 na 2007, kwa sababu ndiyo imejaa barabarani Kenya na umri wake unajulikana. Raba zake nyingi zina miaka 20 au karibu. Kabla hujanunua shokapu za bei, inua gari kwa jeki, liweke kwenye stendi, kisha chukua mtaimbo ukague bushi (raba za viungo vya mikono inayoshika gurudumu): ile ya nyuma ya mkono wa chini wa mbele, bushi za mikono ya nyuma, boljointi, na lingi za stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala sana kwenye kona). Raba iliyopasuka hufanya gurudumu libadili mwelekeo kila unapokanyaga breki, na hakuna alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu) itakayodumu juu yake. Fundi akibadilisha bushi, asikaze boliti kabisa gurudumu likiwa linaning'inia. Azikaze kwa mkono tu, gari lishushwe likalie uzito wake, ndipo akaze kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Raba ya bushi imegandishwa kwenye chuma. Ikikazwa gurudumu likiwa linaning'inia, hubaki imejinyonga muda wote na hupasuka mapema sana. Kosa hili huua bushi mpya.

Tairi sasa. Saizi ya 215/45R17 ina ukuta wa milimita 97 hivi. Ukipanda hadi 225/40R18 unabaki na 90, na rimu inakuwa karibu zaidi na shimo. Mimi ningerudi kwenye 205/55R16: ukuta wa milimita 113, na kipenyo chake kinazidi kile cha 215/45R17 kwa milimita 7 tu. Breki za WRX za kawaida hukaa ndani ya rimu nyingi za inchi 16, ila jaribu moja kwanza. Zile za Brembo za STI, toleo kali zaidi la gari hili, zinataka 17. Nunua nne za aina moja kwa wakati mmoja. Hili si pambo. Gari linaendeshwa na magurudumu yote, na mzunguko wa tairi moja (urefu wa kuizunguka) ukitofautiana na nyingine kwa zaidi ya milimita 6, difu ya katikati (inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) inafanya kazi bila kupumzika hadi inaungua. Milimita 6 za mzunguko ni sawa na kina cha kashata (nundu za raba zinazogusa lami) kutofautiana kwa milimita 1 tu. Soma pia tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni, zinazoonyesha tairi ilitengenezwa lini: 2323 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2023. Tairi ya zamani yenye kashata nzuri bado ni mbovu, kwa sababu raba imeshakuwa ngumu.

Upepo upime asubuhi, tairi zikiwa baridi, ukianza na namba za stika ya mlango wa dereva. Baada ya kuendesha kwa nguvu, kupanda kwa psi 3 hadi 5 ni kawaida. Ikizidi 6, ulianza na upepo mdogo: tairi inajikunja mno na kujipasha moto, kwa hiyo ongeza psi 2 kesho yake. Usitoe upepo tairi ikiwa na moto.

Kwenye shokapu na springi ndiko pesa nyingi hupotea. Springi za uwanja wa mbio wenye lami nyororo huwa na ugumu wa kilo 8 kwa milimita (uzito wa kuikandamiza milimita moja) au zaidi. Kwenye viraka vya Tambach gari lenye springi hizo hurukaruka, na tairi iliyo hewani haigeuzi gari wala hailisimamishi. Kilo 4 hadi 5 mbele, na pungufu kidogo nyuma, zinatosha kabisa. Ukishusha, usizidi milimita 20. Mbele kuna stratu za MacPherson, yaani shokapu na springi zikiwa kipande kimoja kinachoshika gurudumu kwa juu. Ukishusha sana, mkono wa chini unainamia upande usiofaa, na kila gari linapolala kwenye kona tairi ya nje inasimamia ukingo wake. Gari linakataa kugeuka, na mwenye gari anadhani kosa ni la tairi. Impreza walizoshinda nazo Safari Rally madereva Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000 zilikuwa zimeinuliwa, na springi zao zilikuwa na safari ndefu, yaani nafasi kubwa ya gurudumu kupanda na kushuka.

Kujua kama safari inatosha, funga klipu ya plastiki ya nyaya kwenye fimbo ya shokapu, iguse mwili wake, kisha endesha njia yako. Ikisukumwa hadi kwenye raba ya kikomo, gari limekaa chini mno au springi ni laini mno. Kama shokapu zina skrubu ya kurekebisha, zianzie katikati. Ukikaza sana kule kunakozuia springi kurudi, gurudumu halipati muda wa kushuka kabla ya tuta linalofuata. Gari linazama polepole mpaka linaketi kwenye vikomo.

Stabilaiza ya nyuma ya milimita 20 unaweza kuipandisha hadi 22. Inaonekana kidogo, lakini ugumu hufuata kipeo cha nne cha kipenyo, hivyo unaongeza karibu asilimia 46. Usifike 24 kama unapita huko wakati wa mvua.

Alaimenti ifanywe mwisho, kwa mashine ya magurudumu manne, ikianza nyuma. Kemba ya mbele, yaani mwinamo wa gurudumu kuelekea ndani kwa juu, iwe nyuzi 1.3 hadi 1.5, sawa kushoto na kulia; inarekebishwa kwa boliti ya juu kati ya zile mbili za chini ya stratu. Kila ukigusa kemba, mwelekeo wa ncha za mbele za magurudumu, kuelekea ndani au nje, unabadilika, kwa hiyo huo ufuate: sifuri mbele, na nyuma ziingie ndani milimita 1 hadi 2 kwa jumla. Gari linalotoa ncha nje kwa nyuma hugeuka upesi, kisha linateleza mkia ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona.

Nati za rimu zikazwe kwa Nm 90, kwa mtindo wa nyota, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 100. Siku hiyo hiyo pitia boliti za stratu. Ile ya kemba ikilegea, utaona staringi imehama upande mmoja kabla hujasikia mlio wowote.