Usizifungie nyaraka ndani ya slaidi

Kazi yangu ni kuandaa CD na DVD za mafunzo: slaidi, video, sauti, na pamoja navyo nyaraka ambazo mshiriki ataendelea kuzitumia semina ikiisha, kama vile mwongozo wa mkufunzi, fomu na majedwali ya bajeti. Kabla ya semina wateja huniuliza zaidi kuhusu video. Baada ya semina simu zinazoingia huhusu nyaraka: "Nimebofya, haifunguki." Kwa hiyo nina msimamo mmoja nisiouacha. Nyaraka zikae nje ya wasilisho, kwenye folda yake iliyo wazi, mtu aweze kuzifikia hata wasilisho lenyewe likigoma kufunguka.

Msimamo huu umetokana na historia ya kazi yenyewe. Enzi za Director na Flash, programu za kutengenezea mawasilisho yenye picha, sauti na vitufe, wasilisho lilikuwa programu kamili inayojiendesha, na kufungua PDF kutoka ndani yake kulihitaji ujanja. Amri ya kawaida ya Director ilikutaka utaje programu ya kufungulia waraka na mahali ilipo, kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua. Wengi tulitumia kiongezo cha Buddy API, ambacho kiliiachia Windows ichague programu. Flash, kuanzia toleo la MX, ilibana zaidi: programu ya nje ilikubaliwa tu ikiwa ndani ya folda yenye jina fscommand, kando ya faili kuu. Ndani ya folda hiyo tuliweka faili dogo la .bat, yaani faili la maandishi lenye amri za Windows, likiwa na amri ya start na njia ya kufikia waraka, basi mambo yanakwenda.

Vitu hivyo vimekwisha. Adobe waliacha kuuza Director mwaka 2017, na msaada wa Flash Player ukakoma tarehe 31 Desemba 2020. PowerPoint Viewer, iliyomwezesha mtu asiye na Office kutazama slaidi, iliondolewa na Microsoft mwaka 2018. Menyu za CD zilizotengenezwa kwa Windows ya biti 16 hazifunguki kabisa kwenye Windows ya biti 64. Lakini PDF zilizowekwa wazi kwenye folda ya CD hizohizo bado zinasomeka leo, na tangu 2008 PDF ni kiwango cha kimataifa, ISO 32000. Kwa hiyo nikikabidhiwa diski ya zamani niikoe, swali langu la kwanza ni kama nyaraka zilikuwa nje au zilimezwa na programu.

Sasa tuje kwenye viungo, maana hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Ukiunganisha kitufe cha slaidi na waraka ulio kwenye kompyuta yako, kiungo kinaweza kuandikwa hivi:

C:\Users\Ofisi\Desktop\Semina\mwongozo.pdf

Kwako kitafunguka kila siku. Kwa mshiriki hakuna mtumiaji anayeitwa Ofisi, na diski yake inasomwa kama D, au E, au F. Kiungo kinachofaa ni hiki:

nyaraka\mwongozo.pdf

Maana yake ni kwamba waraka utafutwe kuanzia pale wasilisho lilipo, popote pale. Kwenye PowerPoint mpangilio wa kazi ndio unaoamua. Tengeneza kwanza folda kuu, weka ndani yake folda ya nyaraka pamoja na mafaili yote, hifadhi wasilisho ndani ya folda kuu hiyo, ndipo uanze kuweka viungo. Ukiweka viungo kwanza na kuhamisha mafaili baadaye, jiandae kuvirekebisha kimoja kimoja. PowerPoint ina sehemu ya kufungasha wasilisho kwa ajili ya CD, na ni msaada mzuri kwa fonti na video, lakini siiachii kazi ya nyaraka. Nafungua folda iliyotoka na kulinganisha faili kwa faili.

Majina ya mafaili nayo yana mambo yake. Mfumo wa awali wa CD, ISO 9660, katika ngazi yake ya kwanza unakubali herufi nane, nukta, na herufi tatu za aina ya faili, basi. Juu yake Microsoft waliongeza Joliet, inayobeba majina ya hadi herufi 64. Programu ya kuchoma CD ikiachwa kwenye mpangilio wa kizamani, mwongozo_wa_mkufunzi.pdf unageuka MWONGOZO.PDF, na kiungo kinatafuta jina ambalo halipo tena. Mimi natumia herufi ndogo, majina mafupi, bila nafasi kati ya maneno. Kiswahili kinatusaidia hapa kwa kuwa hakina alama juu ya herufi, isipokuwa kwa jambo moja: ritifaa, ile alama ya (') iliyo kwenye ng'. Kwenye diski ya mafunzo ya ufugaji, faili la chanjo_ng'ombe.pdf linaweza kuwa na ritifaa iliyonyooka, huku kiungo kikiwa na ile iliyopinda iliyonakiliwa kutoka Word. Kwa jicho ni jina moja, kwa kompyuta ni mawili. Andika chanjo_ngombe.pdf, kisha sahihisha tahajia ndani ya waraka, mahali ambapo ni haki yake kuwa sahihi.

Kuhusu diski kujifungua yenyewe, faili la autorun.inf bado lina kazi kwenye CD, ingawa Windows za sasa humwuliza mtu kwanza. Kwenye flashi, yaani kile kifaa kidogo cha USB cha kuhifadhia mafaili, halifungui programu tena. Kirusi cha Conficker kilisambaa sana kwa njia hiyo, na kuanzia Windows 7 mlango huo ulifungwa kwa flashi. Na kwa kuwa kompyuta mpakato nyingi mpya hazina tena pa kuingizia diski, folda ileile huwa naigawa kwa flashi pia. Ndiyo maana faili la kuanzia nalipa jina 00_anza_hapa, lijipange juu ya mengine yote.

Kosa la watumiaji ninaloliona zaidi ni kunakili wasilisho peke yake kwenda kwenye kompyuta na kuacha folda ya nyaraka kwenye diski. Hapo hakuna kiungo kitakachopona. Slaidi yangu ya kwanza siku hizi ina sentensi moja kubwa: "Nakili folda nzima kwenye kompyuta yako kabla ya kuanza." Sentensi hiyo inaokoa pia wenye fomu za kujaza. CD iliyochomwa ikafungwa haiandikiki tena, kwa hiyo mtu akifungua fomu ya Word moja kwa moja kutoka kwenye diski, akaijaza kurasa tatu, kisha akabonyeza kuhifadhi, atakataliwa. Akiijaza nakala iliyo kwenye kompyuta yake, inahifadhika kama faili jingine lolote. Fomu hizo naziweka kwa muundo wa .docx kwa ajili ya kujaza, na PDF yake pembeni kwa ajili ya asiye na Word, aichape na kuijaza kwa kalamu.